Kubomoa nyumba kuukuu na kujenga tena kwa vifaa vyake: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Swali linalonirudia karibu kila mwezi ni hili: "Fundi, tulibomoa nyumba ya mzee ili tujenge upya. Vifaa tuliviweka uani, lakini fundi mpya amevikataa vyote. Tumekosea wapi?"

Nikiuliza ilivyokuwa, habari ni ileile. Vijana sita, nyundo nzito, siku mbili, kazi imekwisha. Mabati yamechanika, mbao zimelala chini na misumari yake tangu vuli, nusu ya matofali ni vipande. Vifaa hivyo havikuharibiwa na uzee. Viliharibiwa siku ya kubomoa, na vingine vikamalizwa na mvua pale uani.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya chini, kama zile za vyumba sita na korido katikati zilizojaa Magomeni, Ilala na Temeke jijini Dar es Salaam: kuta za matofali, kenchi za mbao (fremu zinazobeba paa), paa la bati. Ghorofa usiiguse kwa maelezo haya. Ghorofa inataka mhandisi.

## Andaa hivi kwanza

- Mitaimbo miwili: mfupi wenye kucha za kung'olea misumari, na mrefu wa kunyanyulia.
- Nyundo ya kawaida, nyundo nzito, patasi mbili za chuma, msumeno, plaizi, mkasi wa bati.
- Ngazi imara, kamba ndefu, na nguzo au mbao nene za kuegemezea kuta.
- Buti zenye soli ngumu, glavu, miwani, helmeti na barakoa nzuri ya vumbi kwa kila mtu, si kwa msimamizi peke yake.
- Sumaku kubwa ya spika iliyokufa. Hii ni ya kuokota misumari iliyodondoka.
- Viroba, turubai, na vipande vya mbao vya kuinulia mzigo usiguse ardhi.
- Chaki, kalamu ya rangi, daftari, kisu chenye ncha, mizani na ndoo ya maji.

Pia hakikisha kila atakayepanda au kung'oa misumari ana chanjo ya pepopunda. Msumari wenye kutu unapita soli laini bila kukuuliza.

## Hatua ya 1: Zunguka nyumba na daftari, usiguse kitu

Andika kila ulichonacho: mabati mangapi na ya urefu gani, milango mingapi na vipimo vyake, grili, kenchi, papi (mbao zinazolala juu ya kenchi na kupigiliwa bati), safu za matofali. Mbele ya kila kitu andika kazi yake ya pili. Bati la sebuleni litaezeka jiko. Papi zitakuwa mbao za kumwagia zege. Fremu ya mlango wa mbele itarudi mlango wa mbele.

Kifaa kisicho na kazi ya pili kitafutie mnunuzi sasa, kikiwa bado ukutani. Mnunuzi anayekiona kimesimama anakipa thamani. Akikikuta kwenye lundo la kifusi, anakupa bei ya kuni.

Kipimo changu ni hiki: kama gharama ya kukitoa na kukisafisha inazidi nusu ya bei ya kipya, nakiacha. Wengine watabisha, lakini nimeona watu wakilipa vibarua wiki nzima kuokoa kitu kilichouzwa bei ya siku moja ya kazi.

Onyo kubwa: asbesto. Tazama paa na silingi. Ukikuta vigae au mabati ya mawimbi ya kijivu, mazito, yanayofanana na saruji na si chuma, hasa kwenye majengo ya zamani ya taasisi, simama hapo hapo. Usivunje, usitoboe, usikate. Nyuzi zake ukizivuta zinakaa mapafuni, na saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Wapigie watu wa mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, wakuelekeze nani anaruhusiwa kuyatoa na yatupwe wapi. Wala usimgawie jirani akaezeke banda la kuku.

*Umefanikiwa ukiwa na:* ukurasa mmoja wenye orodha, idadi, na kazi ya pili ya kila kitu.

## Hatua ya 2: Kibali, umeme, maji na shimo la zamani

Chukua kibali cha kubomoa halmashauri. Umeme ukatwe na shirika kutoka kwenye nguzo. Kuzima swichi kubwa hakutoshi, maana waya unaoingia nyumbani bado una moto. Maji yafungwe kwenye mita.

Kisha tafuta shimo la choo la zamani. Uani kwa nyumba hizi mara nyingi kuna shimo lililojaa likafunikwa zege jembamba, na mwenye nyumba ya leo hajui lilipo. Waulize wazee wa mtaa. Lizungushie kamba na kitambaa chekundu. Gari la kubebea kifusi likipita juu yake, zege linapasuka na gari linazama.

## Hatua ya 3: Milango, fremu na grili ndiyo vya kwanza kutoka

Vitoe kuta zikiwa bado zimesimama na paa bado lipo. Ukivisubirisha, ukuta utaviangukia.

Hapa ndipo pesa ilipo. Kuna mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, vunja tu hayo mafremu, nitanunua mapya." Nikachukua kisu, nikakwangua rangi upande wa bawaba. Ilitoka ya kijani, chini yake bluu, chini yake nyeupe iliyokauka kama ganda la yai, halafu mbao ikajitokeza: nyekundu ya kahawia, nzito, ina mishipa meusi. Nikamwambia, "Mama, hii ni mninga. Kwa mbao hii, mpya utauza nini uinunue?" Zile fremu nane zilirudi zote.

Fanya hivi:

1. Andika namba kwenye mlango na fremu yake, upande wa bawaba. Mlango 3, fremu 3.
2. Toa mlango. Skrubu za bawaba zikigoma, safisha mfereji wa kichwa chake kwa ncha ya msumari kabla ya kukaza bisibisi.
3. Pigilia ubao chini ya miguu ya fremu na mwingine kwa mshazari juu. Fremu ya nyumba hizi kwa kawaida haina kizingiti cha chini, kwa hiyo ikitoka bila ubao huo miguu inajikunja na mlango hautafunga tena.
4. Chimba lipu pande zote za fremu kwa patasi mpaka uone pasi za chuma zilizoingia ukutani. Zikate au zichimbue. Usivute fremu kwa nguvu.

Grili nazo chimba lipu kuzunguka kila mguu. Ukizipiga nyundo zitapinda, na grili iliyopinda gharama ya kuinyoosha kwa mafundi chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, inakaribia ya kuchomelea mpya.

Onyo: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Usiikwangue ikiwa kavu sehemu kubwa, usiichome kwa moto. Ilowanishe, ikwangue nje mbali na watoto, kusanya magamba yote kwenye kiroba.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukipima fremu kona hadi kona kwa mshazari, vipimo viwili vinalingana.

## Hatua ya 4: Shusha mabati

Anza alfajiri. Saa sita mchana bati linachoma na upepo wa baharini umeshaamka, na bati likishikwa na upepo linakuvuta nalo chini. Pandeni wawili, kanyageni kwenye mistari ya misumari tu, kwa kuwa chini yake ndipo papi zilipo.

Fuata kinyume cha aliyeezeka: kofia (bati la kileleni) kwanza, kisha safu ya juu, halafu ya chini. Weka kipande cha ubao chini ya mtaimbo ili usiboneze bati. Ng'oa msumari, using'oe bati kutoka kwenye msumari. Tundu la msumari linazibika. Mpasuko hauzibiki.

Shusha kwa kamba, moja moja. Chini, mwenzenu ainue kila bati kuelekea jua na kuligawa:

La kwanza: matundu ya misumari tu, hakuna kutu. Linarudi kwenye paa la nyumba.

La pili: kutu ya juu juu, au ncha imeliwa. Kata ncha. Bati la futi 10 likawa la futi 8 bado linaezeka jiko, stoo au kibaraza.

La tatu: jua linapenya katikati. Hili ni uzio wa muda au vyuma chakavu.

Usilidharau bati kwa kuwa ni la zamani. Mengi ya zamani ni manene kuliko yanayouzwa sasa. Kumbuka geji, yaani namba ya unene wa bati, inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32.

Kuhusu kuyahifadhi nina jambo la kusema, kwa sababu nililipia. Masika moja nilipanga mabati 40 ya mteja yakiwa yamelala, moja juu ya jingine, nikayafunika turubai. Wiki tatu baadaye yalikuwa yameshikana na yana unga mweupe kama chokaa. Maji yanayonaswa kati ya bati na bati, mahali hewa haipiti, yanakula zinki haraka kuliko mvua ya wazi. Niliyalipa kwa mfuko wangu. Sasa nayasimamisha yakiwa yameegemea, yameinuliwa juu ya mbao, na turubai linafunika juu tu, pembeni wazi.

## Hatua ya 5: Kenchi na papi

Kabla ya kutoa kenchi, egemeza kuta za juu, hasa zile za pembetatu. Ukuta uliotolewa paa umepoteza mkono uliokuwa ukiushika.

Toa papi kwanza, kisha kenchi moja moja, kila moja ikiwa imefungwa kamba. Usikate kenchi ya kwanza kabla hujajua ya pili inashikwa na nini.

Misumari itolewe siku hiyohiyo. Ukisema "tutatoa kesho", kesho mbao zitakuwa chini ya rundo. Piga ncha ya msumari irudi nyuma, geuza ubao, ng'oa kwa kichwa. Ukivunjikia ndani, zungushia duara la rangi nyekundu, ili fundi wa mashine ya kuranda asiupitishe. Kisu cha mashine kikigonga msumari kinaweza kuvunjika na kuruka usoni mwa mtu.

Halafu pima kila ubao:

- Choma kwa kisu, hasa ncha zilizokaa ukutani. Kisu kikizama kama kwenye mkate, kata mpaka ufikie mbao ngumu.
- Gonga kwa nyundo. Sauti ya mlio ni nzuri. Sauti ya kufa maana yake ndani kuna mchwa au ufa.
- Angalia unga laini na vitundu. Ubao wenye wadudu hai usiulaze na wenzake.
- Tazama kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha kama umepinda.

Mbao iliyonyooka, isiyo na ufa wala kovu la kukatwa katikati, inaweza kurudi kenchi. Iliyobaki ifanye papi, fremu za silingi bodi, au mbao za kumwagia zege. Usimkubali fundi anayeunga vipande viwili vifupi akaviita kenchi.

Zipange juu ya vipande, sentimita 30 kutoka ardhini, na kati ya safu na safu weka fito kila sentimita 60 hewa ipite. Paka dawa ya mchwa ya dukani ncha zote ulizokata. Oili chafu ya gari watu wanaipenda kwa kuwa ni ya bure, lakini ndani ya nyumba inanuka, inashika moto, na inachafua ardhi ya uani unakolima mchicha.

Onyo kwa wapishi: mabaki ya mbao zenye rangi ya kijani, zile zilizowekwa dawa kiwandani, usipeleke jikoni wala usimpe mama lishe. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki. Moshi wake na jivu lake ni sumu.

## Hatua ya 6: Kuta, safu kwa safu

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo twende taratibu.

Jaribu udongo wa kujengea kwanza. Kwangua kiungo kati ya tofali na tofali kwa msumari. Ukimomonyoka, ukuta huo utakupa matofali mazima mengi. Ukiwa mgumu kuliko tofali lenyewe, usihangaike, kila pigo litavunja tofali na kuacha kiungo. Ukuta huo hesabu ni kifusi, nenda hatua ya 7. Kutojua tofauti hii ndiyo sababu watu wanasema matofali ya zamani hayafai.

Anza juu, shuka. Ondoa lipu, nyunyiza maji kupunguza vumbi, piga patasi kwenye kiungo na si kwenye tofali. Inua safu moja, nenda nyingine. Kamwe usiusukume ukuta mzima uanguke, hata ikiwa giza linaingia na vibarua wamechoka. Watoto na wapita njia wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa ukuta: ukuta wa mita 3, umbali wa mita 4 na nusu.

Safisha siku hiyohiyo kwa panga butu, ukipiga kwa pembe.

Pima. Katika kila 100 chukua matano bila kuchagua:

1. Gonganisha mawili. Tofali la kuchoma lililoiva linalia kama chuma.
2. Liangushe likiwa limelala, kutoka mita 1, kwenye ardhi ngumu. Lisivunjike.
3. La kuchoma lipime kavu, lizamishe maji saa 24, lipime tena. Likiwa na kilo 2.5 kavu likatoka na kilo 3, limenywa asilimia 20, na huo ndio ukomo. Zaidi ya hapo lifanye kazi isiyobeba mzigo wala kuona mvua.

Mawili yakifeli katika matano, kundi lote liende kwenye vitalu vya bustani au njia za uani.

Safu za chini ukanda wa pwani zitenge. Utaona unga mweupe unaochomoza: chumvi iliyopanda kutoka ardhini. Ukiyajengea ndani ya sebule, chumvi itasukuma lipu mpya mpaka idondoke, na utaupaka rangi ukuta huo kila mwaka.

Unapojenga na matofali yaliyofaulu, yaloweshe kabla, maana tofali kavu la zamani linanyonya maji ya udongo wa saruji kabla haujashika. Tumia saruji 1 kwa mchanga 6. Ukizidisha saruji, unamfunga mjukuu wako asiweze kuyatoa tena. Nayatumia kwenye kuta za kugawa vyumba, uzio na vibanda. Ukuta wa kubeba ghorofa siyawekei.

Kwa walio Zanzibar, Lamu au Mombasa wenye nyumba za mawe ya matumbawe: hayo yarudishwe kwa chokaa. Saruji inafunga unyevu ndani ya ukuta, na jiwe linaoza taratibu nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Na kama uko Mji Mkongwe, ulioko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, usitoe hata boriti moja kabla ya kuonana na mamlaka ya hifadhi.

## Hatua ya 7: Zege na nondo

Zege livunje vipande vya sentimita 5 hadi 10. Kazi yake ni kujaza chini ya sakafu: mwaga tabaka la sentimita 15, shindilia, mwaga jingine. Ondoa udongo, mbao na hasa jipsamu, maana jipsamu ikikutana na saruji na unyevu inaweza kuvimba na kupasua sakafu. Vipande vidogo vinafaa kokoto ya njia za uani. Viloweshe kabla ya kuchanganya. Kwenye nguzo, mkanda (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta) na slabu tumia kokoto mpya.

Nondo: nondo za zamani hazirudi kwenye nguzo, mkanda wala slabu. Najua bei ya nondo inavyouma. Lakini nondo iliyopindwa ikanyooshwa imepoteza ule uwezo wa kujikunja kabla ya kukatika, na kutu imeshakula unene ambao macho hayauoni. Tena, vipande vifupi vinahitaji kupandana mara 40 hadi 50 ya unene wake: nondo ya milimita 12 ipandane sentimita 48 hadi 60 kila kiungo. Hesabu viungo vyote hivyo uone kama umeokoa kitu. Zitumie kwenye grili, vigingi na mifuniko ya mitaro, au wauzie watu wa vyuma chakavu.

## Hatua ya 8: Mpe mchoraji orodha kabla hajachora

Hili wengi wanalifanya mwisho, na grili nzuri zinabaki zimeegemea ukuta kwa kuwa madirisha mapya yamepishana nazo sentimita 10. Peleka daftari lako kwa mchoraji siku ya kwanza. Dirisha lifuate grili. Mlango ufuate fremu. Upana wa chumba ufuate urefu wa mbao ulizonazo.

## Hatua ya 9: Rudisha bati na ulijaribu kabla ya silingi

Matundu ya zamani yasiangukie mahali pa misumari mipya. Sogeza bati kidogo, piga msumari mpya wenye mpira juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni maji yanapopita. Pembeni bati lipandane wimbi moja na nusu, au mawili kama upo karibu na bahari. Juu kwa chini, sentimita 15 hadi 20. Matundu yaliyobaki yazibe kwa gundi ya paa baada ya kusugua kutu.

Kisha ingia chumbani jua likiwa la utosi, funga madirisha na mlango, subiri macho yazoee giza. Kila tundu lililosahaulika litang'aa kama nyota. Mwenzako akae juu, wewe mgongee kwa fimbo chini ya kila nyota mpaka alione. Mkimaliza, mwageni ndoo za maji kuanzia kwenye kofia, polepole, chumba kwa chumba, na uweke alama ya chaki kwenye papi popote tone linapotokea. Silingi bodi zisipandishwe mpaka alama hizo zote ziwe zimezibwa na kumwagiwa maji mara ya pili.